Kambi ya Karambo na maana ya kufungwa vitani

Kila Aprili, wakati wa kuwakumbuka waliouawa katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, historia ya Gihundwe na sekta jirani za wilaya ya Rusizi nchini Rwanda, iliyokuwa sehemu ya mkoa wa Cyangugu, husimuliwa upya, lakini ni nadra kuelezwa tofauti kati ya mateka wa vita, mfungwa wa kisiasa na mhalifu wa kivita, ingawa tofauti hiyo husaidia kuielewa kesi kubwa ya eneo hilo.

Mateka wa vita, kwa Mkataba wa Tatu wa Geneva wa 1949, ni hasa askari aliyekamatwa katika vita baina ya mataifa, ambaye huzuiwa asirudi vitani, wala haadhibiwi kwa kupigana tu. Mfungwa wa kisiasa, ambaye Mikataba ya Geneva haimtaji, hufungwa kwa msimamo alionao au anaodhaniwa kuwa nao, kama maelfu ya raia waliokamatwa baada ya waasi wa RPF kuvuka mpaka na kuingia Rwanda Oktoba 1990, wakiitwa ibyitso, yaani washirika wa adui.

Kwa kuwa vita hivyo vilivyoanza 1990 vilihesabiwa kuwa vya ndani, hadhi ya mateka haikuwapo, na ngao iliyobaki ilikuwa Kifungu cha 3, kinachofanana katika mikataba yote minne ya Geneva, ambacho kinakataza kumuua au kumtesa mtu asiyepigana au aliyeweka silaha chini.

Anayekivunja kifungu hicho anaweza kuhukumiwa kama mhalifu wa kivita, na ndicho kilichomfikia Luteni Samuel Imanishimwe, kamanda wa kambi ya jeshi ya Karambo huko Cyangugu. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda, iliyokuwa Arusha, katika hukumu ya Februari 25, 2004, ilimpa kifungo cha miaka 27, na ingawa Julai 7, 2006 rufaa ilikipunguza hadi 12, kwa sababu hati ya mashtaka haikumweleza ipasavyo wajibu wake kuhusu mauaji yaliyofanyika Gashirabwoba, mkoani Cyangugu, hatia za Karambo zilibaki: mauaji, mateso na, jambo lisilosemwa vya kutosha, kufunga watu. Raia walioshikiliwa humo hawakuwa mateka wala washtakiwa halali, na kuwazuia kiholela, ndani ya mashambulizi mapana au ya kimfumo dhidi ya raia, kulikuwa jinai dhidi ya ubinadamu. Anayemwita Imanishimwe mfungwa wa kisiasa anawadhulumu upya waliopitia mikononi mwa askari wake. Na anayembandika kila mpinzani jina la mhalifu anarudia mantiki ya 1990.

Prefekti wa Cyangugu, Emmanuel Bagambiki, na waziri André Ntagerura, walioshtakiwa pamoja na Imanishimwe, waliachiwa huru, uamuzi ambao manusura wengi waliupokea kwa uchungu. Ntagerura alikaa Arusha miaka mingi akikosa nchi ya kumpokea, hadi alipohamishiwa Niger Desemba 2021.