Mjumbe Aliyechelewa Kutambuliwa

Katika tarehe ya elimu ya ubongo ni michache miaka inayostahili kukumbukwa kama 1957, kwani ndani ya mwaka huo habari mbili zilitangazwa na watu wasioshauriana, wakaao nchi zilizo mbalimbali, ya kwanza ikidhihirisha mahali ambapo kumbukumbu mpya za mwanadamu huundwa, na ya pili ikimfichua mjumbe wa kikemia anayesaidia kuzidumisha. Walakini habari hizo zilikaa zaidi ya miaka thelathini kabla ya kukutana.

Mwanzoni mwa karne ya 20 mabingwa walikhitilafiana sana juu ya namna mishipa ya fahamu inavyopashana habari, baadhi yao wakishikilia kuwa ni umeme mtupu, mpaka Otto Loewi wa Graz, nchini Austria, alipotwaa mioyo miwili ya vyura mwaka 1921, akauchochea mshipa wa fahamu wa moyo wa kwanza hata mapigo yake yakapungua, kisha akayatia maji yaliyouzunguka katika moyo wa pili, nao ukapunguza mapigo vilevile ijapokuwa mshipa wake haukuguswa. Ilithibitika kuwa mshipa hutoa dawa, nayo ni asetilikolini. Na kwa kazi hiyo Loewi na Henry Dale wa Uingereza walitunukiwa Nobel mwaka 1936.

Dopamini, yule mjumbe niliyemtaja mwanzoni, haikupata hadhi hiyo mapema. George Barger na James Ewens waliitengeneza London mwaka 1910, lakini kwa karibu nusu karne ilihesabiwa kama unga uliokandwa, usio na faida yake wenyewe ila kungoja kugeuka mkate, na mkate wenyewe ni noradrenalini, mjumbe mwingine wa mishipa ya fahamu. Mwaka 1957 Kathleen Montagu, nchini Uingereza, aliiona ndani ya ubongo, na mwaka huohuo Arvid Carlsson na wenziwe wa Lund, nchini Sweden, waliwapa sungura reserpini, dawa itokanayo na mmea wa Bara Hindi, wakalegea wasiweze kujimudu. Walipodungwa dopa, ambayo mwilini hugeuka dopamini, wakaamka wakatembea. Noradrenalini, iliyokuwa imeondolewa na reserpini, ilipopimwa ilionekana haikurejea ubongoni, na mwaka 1958 Carlsson alibainisha kuwa iliyorejea ni dopamini. Hata hivyo, katika mkutano wa London wa mwaka 1960 wakuu wengi wa fani waliipinga rai yake, na Nobel yake haikuja hadi mwaka 2000.

Habari ile nyingine, ya kumbukumbu, ilitoka Amerika ya Kaskazini. Mwaka 1953 tabibu William Scoville wa Hartford, akitaka kumwondolea kijana Henry Molaison adha ya kifafa, alimkata pande zote mbili sehemu ya ndani ya ubongo, pamoja na sehemu kubwa ya hipokampasi, kiungo ambacho Aranzi wa Bologna alikifananisha na farasi wa bahari katika karne ya 16. Kifafa kilipungua, bali kijana hakuweza tena kuyashika mambo mapya: akili yake ilikuwa timamu na utoto wake aliukumbuka, ila mtu aliyezungumza naye muda mfupi uliopita alimsahau kabisa. Brenda Milner wa Montreal alimpima, na taarifa yake na Scoville ikachapishwa mwaka 1957.

Daraja baina ya habari hizo lilijengwa polepole. Mwaka 1973 Timothy Bliss na Terje Lømo, waliofanya kazi yao Oslo, walieleza kuwa chembe za hipokampasi ya sungura zikisukumwa kwa umeme wa haraka, maungio yake hupata nguvu inayodumu kwa saa nyingi, nayo ikadhaniwa kuwa ndiyo alama ya kumbukumbu. Mwaka 1990 Uwe Frey na wenziwe wa Magdeburg, nchini Ujerumani, waliizuia dopamini kwa dawa katika vipande vya hipokampasi ya panya, na nguvu ile, iliyoanza vyema, ikafifia baada ya saa chache. Hapo ndipo ilipobainika kuwa kuandikwa kwa kumbukumbu ni jambo moja, na kudumu kwake ni jambo jingine linalohitaji mjumbe wa kutangaza kuwa lililotukia lina thamani. Na mwaka 2016 utafiti uliomhusisha Richard Morris wa Edinburgh ulionyesha kuwa panya, akipewa jambo geni muda mfupi baada ya somo, hulikumbuka somo hilo kesho yake, na kwamba sehemu ya dopamini iletwayo hapo hutoka kwa chembe zilizojulikana zamani kwa noradrenalini tu. Aliyeitwa mtangulizi wa mwingine alikuwa akifanya kazi yake katika nyumba ya yule yule.

Dopamini ilicheleweshwa kwa kuwa wenye elimu waliridhika na cheo walichoipa wasiipime kazi yake. Kwa hiyo nawausia vijana wetu waingiao maabara leo: mkiambiwa kuwa kitu fulani ni cha kupita tu, kisicho na kazi yake, ulizeni kwanza ni nani aliyekipima, na kama hayupo, kipimeni nyinyi.