'Landslide': mlima unaposhuka, na mpinzani anapoelemewa

Neno la Kiingereza 'landslide' limeunganishwa kutokana na maneno mawili: 'land', yaani ardhi, na 'slide', yaani kuteleza. Maana yake ya asili ni maporomoko ya ardhi. Mvua kubwa huulowesha udongo wa mlimani hata ukawa mzito na kukosa kushikamana, kisha upande mzima wa mlima hushuka na miti, mawe na nyumba. Ndiyo yaliyowafika watu wa Bududa, katika miteremko ya Mlima Elgon nchini Uganda, Machi 2010, na wakazi wa Katesh, chini ya Mlima Hanang nchini Tanzania, Desemba 2023, ambako zaidi ya watu 80 walifariki dunia.

Maana ya pili ni ya kisiasa, na ilianzia Marekani katika karne ya 19. Mgombea aliyeshinda kwa tofauti kubwa mno husemwa ameshinda 'by a landslide'. Mwaka 1984 Ronald Reagan alitwaa majimbo 49 kati ya 50, na hapo hapakuwa na ubishi. Kiswahili husema 'ushindi wa kishindo', na tafsiri hiyo ni nzuri: Mwingereza ameutazama mlima ukishuka, Mswahili ameusikia ukianguka. Anayeandika 'ushindi wa maporomoko' amefasiri neno, akaiacha maana.

Hata hivyo, hakuna kipimo rasmi cha 'landslide', na hapo ndipo penye mtego. Nchini Uingereza hutazamwa viti vya bunge, si kura. Mwaka 1997 chama cha Labour, kikiongozwa na Tony Blair, kilipata viti 418 kati ya 659 kwa asilimia 43 ya kura. Mwaka 2024 kilipata viti 411 kati ya 650 kwa karibu asilimia 34 tu. Ushindi wote huo uliitwa 'landslide', ingawa katika ule wa pili takriban wapiga kura wawili kati ya watatu walichagua vyama vingine. Msomaji wa Mombasa au Muscat akiambiwa 'kishindo' bila kutajiwa kura, atadhani umma mzima ulielemea upande mmoja. Afadhali iandikwe wazi kuwa ni kishindo cha viti.

Na pale chama tawala kinapojitangazia 'landslide' kabla ya masanduku kufunguliwa, neno hilo libaki kinywani mwa msemaji wa chama, si mwa mtangazaji.