Mizani ya Pamba na Msomi wa Harvard

Historia ya Uhuru inayosomwa darasani huanzia Dar es Salaam, Julai 7, 1954, TANU inapozaliwa, kisha hushuka mikoani mithili ya waraka kutoka makao makuu. Andrew Maguire, mwanasayansi ya siasa kutoka Marekani, aliianzia Usukumani. Alipata shahada ya uzamivu Harvard mwaka 1966, na mwaka 1969 Cambridge ikachapisha kitabu chake, Toward “Uhuru” in Tanzania. Baadaye alikuwa mbunge wa New Jersey katika Bunge la Marekani, 1975 hadi 1981. Kwa msomaji wa Kanda ya Ziwa hiyo ni nyongeza tu. Kikubwa ni swali ambalo utafiti wake unatuachia: mkulima asiye na cheti alijifunzia wapi siasa?

Kwa maoni yangu, alijifunzia kwenye mizani. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima wa pamba walilalamika kwamba wanunuzi wa Kihindi wanawapunja uzito. Paul Bomani, kiongozi wa wakulima, na wenzake wakaweka wapimaji wao vituoni, na kutokana na harakati hizo vikaota vyama vya msingi vilivyounganishwa mwaka 1955 katika shirikisho la ushirika la Victoria. Wakati huohuo serikali ya kikoloni ilikuwa imeizuia TANU kufanya kazi katika Jimbo la Ziwa, na zuio hilo halikuondoka hadi 1958. Kama siasa ingekuwa inatoka makao makuu, miaka hiyo ingepita kimya. Badala yake watu walikuwa wakichagua kamati, wakisomewa hesabu na kuzihoji, huku wakizichukia amri za kupunguza ng'ombe na za namna ya kulima. Mwaka 1958, Geita ilipoletewa baraza la wilaya lenye wajumbe wa rangi zote, maelfu walitembea hadi Mwanza kulipinga. Umati wa namna hiyo haukusanywi na hotuba moja ya mgeni aliyeshuka kwenye treni.

Msomaji atauliza: je, vinara wenyewe hawakuwa watu wa shule? Bomani alikuwa mtoto wa mchungaji na alisomea ushirika Loughborough, Uingereza; Saadani Abdu Kandoro, aliyewahamasisha watu Mwanza, alikuwa mtu wa kalamu na mashairi. Ni kweli. Ila Bomani alikwenda Loughborough akiwa tayari kiongozi wa wakulima, na kalamu ya Kandoro ilihitaji wasikilizaji wenye dai mkononi. Shule iliwapa viongozi lugha ya kuandikia barua serikalini. Dai lenyewe lilitoka kituo cha kununulia pamba.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba ushirika nao uligeuka mnyonyaji. Tume ya mwaka 1966 ilikuta ubadhirifu na uongozi mbovu katika vyama nchini, na malalamiko ya mkulima kuhusu makato na mizani yakamgeukia Mwafrika mwenzake. Hilo haliipingi hoja ya mizani. Linaonyesha kwamba mkulima alikuwa amejifunza kumdai yeyote anayeshika mizani, awe Mhindi, Mwingereza au katibu wa chama chake. Mwaka 1976 serikali ilivunja vyama vikuu vya ushirika, miaka saba baada ya kitabu cha Maguire kutoka, na mkulima akabaki na mamlaka ya pamba ambayo viongozi wake hakuwachagua yeye.