Albamu ya Jajja na Kabati la Serikali

Jajja yangu huhifadhi albamu yake ndani ya sanduku la bati chini ya kitanda, imeviringishwa kwa kipande cha gomesi kuukuu. Haitoi ovyo. Nilipomwambia kwamba nataka kuandika insha ya historia kuhusu picha za zamani, zile za filamu, swali lake la kwanza halikuhusu picha. Aliniuliza, "Utaandika kwa lugha gani?" Nikamjibu kwa Kiswahili. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Haya, andika. Lakini picha hazitoki humu ndani."

Wasomaji wa Tanzania na Kenya huenda wakashangaa. Sisi tuliozaliwa Kampala hatushangai. Idi Amin alitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, na kwa wazee wengi wa Buganda lugha hii ilibaki kuwa ya mtu mwenye bunduki anayesimama kizuizini. Jajja anajua maneno machache tu ya Kiswahili, na anayoyakumbuka haraka zaidi ni "panda gari", jina la misako ya miaka ya themanini ambapo watu walikusanywa na kupakiwa kwenye malori ya jeshi. Mwaka 2022 Baraza la Mawaziri liliamua kwamba Kiswahili kifundishwe kwa lazima shuleni. Mimi nakisoma chuoni kwa hiari na kwa kukipenda, na tangu nianze hatujazungumza sana juu ya jambo hilo. Mazungumzo yote yaliyomo katika insha hii tuliyafanya kwa Kiganda. Kiswahili chake ni changu.

Hata hivyo, lugha hizi mbili zinaelewana kuhusu picha kuliko watu wake wanavyoelewana. Waganda huita picha ekifaananyi, kutokana na kitenzi kile kile ambacho Waswahili hutamka kufanana. Tena pande zote mbili picha "hupigwa". Nilipomwonyesha Jajja jambo hilo alicheka, akasema kwamba nyingine kweli zilipigwa.

Tunaishi Makindye, upande wa kusini wa Kampala. Kilimani kuna kambi ya jeshi. Siku hizi jina lake husikika kwenye taarifa za habari kwa sababu Mahakama Kuu ya Kijeshi huketi hapo. Wakati wa Amin palikuwa pa polisi wa jeshi, na mtu akiambiwa kwamba ndugu yake amepelekwa Makindye alielewa bila kufafanuliwa. Septemba 1972, baada ya wafuasi wa Obote kuvamia kutoka Tanzania, baadhi ya waandishi wa habari wa kigeni walikamatwa na kufungwa hapo. Mmoja wao alikuwa Don McCullin, Mwingereza aliyekwisha kujulikana duniani kwa picha zake za vita. Humo ndani aliishi siku kadhaa kama mfungwa mwingine yeyote, na baadaye aliyoyaona akayaeleza kwa maneno. Bingwa wa kamera aliingia mahali ambapo kamera ilihitajika kuliko popote Kampala, na hakuweza kupiga hata picha moja.

Kamera za serikali nazo hazikukosa kazi. Wapiga picha wa Wizara ya Habari walimfuata Amin kila mahali: kwenye mikutano ya hadhara, kwenye kilele cha Umoja wa Nchi Huru za Afrika kilichofanyika Kampala mwaka 1975, kwenye karamu alikopiga kodiani. Mwaka 2015, katika Shirika la Utangazaji la Uganda, UBC, liligunduliwa kabati lililojaa negativu zao, kiasi cha 70,000. Nyingi hazikuwahi kusafishwa zikawa picha za karatasi. Wahifadhi wa UBC wakishirikiana na wanahistoria wakaanza kuzigeuza kuwa za kidijiti, na mwaka 2019 baadhi yake zilionyeshwa katika Jumba la Makumbusho la Uganda, pale Kamwokya. Walioandaa maonyesho hayo ni Nelson Abiti wa makumbusho, Edgar Taylor wa Makerere, Derek Peterson na Richard Vokes.

Nilikwenda kuyaona nikiwa bado sekondari. Nakiri kwamba nilifurahi. Picha zilikuwa safi ajabu, kila kifungo cha sare kinaonekana, na watu walikuwa wanacheka. Rafiki yangu alininong'oneza, "Kumbe nchi ilikuwa nzuri hivi?" Sikuwa na la kumjibu. Nadhani waandaaji walilijua tatizo hilo, kwa maana walijitahidi kuwapa nafasi watu waliouawa na utawala ule. Lakini mpiga picha wa wizara alielekeza kamera mahali alipotumwa, na hakuna mwandazi wa maonyesho anayeweza kuigeuza tena ielekee kwingine.

Zilikuwepo picha za namna moja ambazo sikuzisahau. Ni za watu walioshtakiwa kwa magendo na ulanguzi, wakati wa ile Mahakama ya Makosa ya Kiuchumi iliyoanzishwa mwaka 1975. Washtakiwa wamesimamishwa karibu na bidhaa walizokamatwa nazo, na baadhi yao wanaitazama kamera moja kwa moja.

Miaka mitano baadaye ndipo nilipompelekea Jajja nakala za picha hizo kwenye simu, tukaketi mkekani, albamu yake upande mmoja na simu yangu upande mwingine. Nilitegemea kwamba atamwangalia Amin. Hakumwangalia. Alikuza picha kwa vidole, jambo ambalo sikujua kwamba analiweza, akawa anasoma watu wa nyuma. "Huyu anapiga makofi lakini macho yake yako kwa yule askari." "Hawa wamevaa vizuri, wameletwa kutoka ofisini." Sikubali kila alichosema, makofi ni makofi, na wapo waliomshangilia Amin kwa dhati, hasa alipowafukuza Wahindi mwaka 1972 na maduka yakagawiwa upya. Shangazi yangu alipoingia na chai alisema hivyo hivyo, na wakabishana hadi chai ikapoa. Ubishi ule ulinifundisha kuhusu mwaka 1972 kuliko maandishi yaliyobandikwa ukutani kule makumbusho.

Kisha tukafungua albamu. Kuna picha ya Jajja akiwa msichana, amevaa mini, amesimama mbele ya pazia lililochorwa bustani. Nikasema, kwa ujuzi wa mwanafunzi wa historia, kwamba picha ni ya kabla ya katikati ya 1972, kwa kuwa Amin alipiga marufuku mini mwaka huo. Jajja akanitazama kwa huruma. Picha ni ya mwaka 1974. Aliibeba ile gauni kwenye mfuko wa karatasi, akaivaa ndani ya studio, akapigwa picha, akavaa tena gomesi na kurudi nyumbani. Studio ilikuwa na mlango na pazia, naye mpiga picha hakuwa na haja ya kusema. Kama Jajja asingekuwa hai, ningeandika tarehe isiyo sahihi, na lecturer wangu angenipa maksi kwa hoja nzuri.

Studio aliyoizoea kabla ya hapo ilikuwa ya Mhindi. Mwenyewe alipoondoka mwaka 1972, hakuna aliyejua negativu zilikoishia. Ndivyo ilivyo kwa karibu kila picha ya albamu ile: nakala ni moja tu, na maji yakiingia sandukuni imekwisha. Serikali inazo negativu za maelfu ya watu ambao hakuna aliyeandika majina yao. Jajja anayo majina ya kila mtu, na hana negativu hata moja. Kazi ya mwanahistoria wa picha, hapa kwetu angalau, naiona ipo kati ya vitu hivyo viwili, na haiwezi kufanywa na mtu aliye peke yake mbele ya kompyuta. Tangu 2011 mradi wa History in Progress Uganda, ulioanzishwa na Andrea Stultiens na Canon Griffin Rumanzi, umekuwa ukikusanya picha za watu binafsi na kuzitoa hadharani ili wanaozitambua waseme. Naukubali utaratibu huo. Nina shaka moja tu, nayo nilipewa na Jajja.

Ipo picha ya mdogo wake wa kiume. Suruali ya bugaluu, saa mkononi, kiwiko juu ya redio ambayo haikuwa yake. Mwaka 1977 alitoka nyumbani asubuhi na hakurudi. Mtu mmoja alisema alimwona akiingizwa kambini, kilimani. Kutoka kwetu hadi lango lile ni mwendo wa miguu wa chini ya nusu saa, na familia haikuthubutu kwenda kuuliza. Nilimwomba Jajja niipige picha hiyo kwa simu niitie katika insha hii, na nikamwambia pia kwamba nitamtafuta yule kijana katika picha za wale walioshtakiwa kwa magendo, maana ana sura isiyofichika.

"Usimtafute humo," alisema. "Wale walipigwa picha kwa sababu walitaka tuwaone."

Na ile ya bugaluu alinikatalia. Haogopi serikali, hataki watu asiowajua waijadili nguo ya mdogo wake. Nilijaribu kumweleza faida kwa watafiti, nikajisikia naongea kama mtu wa wizara. Kwa hiyo insha hii haina picha.

Alikubali jambo moja. Kwa jioni nne nimeandika majina nyuma ya picha kwa penseli laini, yeye akitamka, mimi nikiandika. Zipo picha 41 na tumemaliza 26. Moja imekatwa kwa mkasi, na ukingoni umebaki mkono wenye sare umeshika bega la Jajja. Hiyo aliigeuza haraka na sikuuliza. Tulipofika kwa mdogo wake niliandika jina, nikaandika mwaka wa kuzaliwa, nikasita kwenye mwaka wa pili. Jajja akaona penseli imesimama.

"Andika kwamba alikuwa fundi saa," akasema. "Na hiyo aliyoivaa ilikuwa ya mteja."