Ala za Bastola na Mafundi Matandiko wa Magharibi ya Marekani

Bastola ya Colt Walker ya mwaka 1847 ilikuwa na uzito wa kilo 2 hivi. Mtu akiifunga kiunoni angetembea kwa taabu, kwa hiyo mzigo ule aliachiwa farasi: ala mbili zilining'inizwa mbele ya tandiko, moja kila upande, na aliyezishona ndiye yuleyule aliyeshona tandiko lenyewe. Hivyo ufundi wa ala ulikuwa mikononi mwa mafundi matandiko wa Marekani, ukakaa humo kwa karibu miaka 100.

Mwaka 1851 Colt walitoa bastola nyepesi zaidi, iliyoitwa Navy. Wakati huo California ilikuwa imefurika watu waliokimbilia dhahabu, na wengi wao walitaka silaha ya kutembea nayo. Duka la Main & Winchester la San Francisco lilikuwa limefunguliwa mwaka 1849 kwa biashara ya matandiko na hatamu. Mafundi wa mji huo na wa miji ya jirani walibuni ala nyembamba iliyofuata umbo la bastola, mdomo wake umekatwa kwa mkunjo mzuri na uso wake mara nyingi umenakshiwa maua na majani. Kwa fundi matandiko kazi hiyo haikuhitaji mtaji mpya. Ala moja inakula kipande kidogo tu cha ngozi, na vyombo vya kazi tayari viko mezani.

Vyombo hivyo vinastahili kutazamwa kwa karibu, kwa sababu vimebadilika kidogo sana. Kisu cha kukatia kina makali ya nusu mwezi, na fundi hukisukuma mbele badala ya kukivuta. Msharasi una ncha ya pembe nne iliyobanwa, ili tundu lake lijifunge vizuri baada ya uzi kupita. Benchi la kushonea hupandwa kama farasi, na taya zake za mbao hubana ngozi kwa kukanyagwa mguu, hivyo mikono yote miwili hubaki huru. Mshono wenyewe hutumia uzi mmoja wa kitani uliopakwa nta na sindano mbili, kila ncha ya uzi na sindano yake, zinazopishana katika tundu lilelile. Upande mmoja ukikatika, ule mwingine unaendelea kushika. Kampuni ya C.S. Osborne ya New Jersey, iliyoanzishwa mwaka 1826, iliuza vifaa vya namna hii nchi nzima, na hadi leo bado inavitengeneza.

Baada ya kushonwa, ala hulowekwa maji kidogo. Bastola iliyopakwa mafuta au kufungwa kitambaa hutiwa ndani, na fundi huisugua ngozi kwa mfupa laini mpaka silinda na kikingio cha kifyatulio vianze kuonekana kwa nje. Ikikauka, umbo limeganda. Ni kazi ya saa chache, lakini hapo ndipo ala hutengana na mfuko wa kawaida.

Si kila ngozi inakubali. Inayoganda hivyo ni ile iliyotiwa dawa ya magome ya miti, hasa mialoni, kwa miezi mingi kwenye mashimo ya kiwanda. Augustus Schultz alipopata hataza ya kutumia chumvi za kromiamu mwaka 1884, ngozi ilianza kuwa tayari kwa muda mfupi zaidi na kwa bei nafuu. Watengeneza viatu waliipokea kwa furaha. Watengeneza ala wengi waliikataa, na walikuwa na haki: ngozi hiyo ni laini mno kushika umbo, na mabaki ya chumvi yanaweza kula chuma.

Risasi za ganda la chuma na Colt ya mwaka 1873 zilileta mkanda mpana wenye vitanzi vya risasi, na mkanda huo ukadai ala ya aina nyingine. Ngozi ya nyuma iliachwa pana, ikakunjwa, ikakatwa mianya miwili au mitatu, kisha mwili wa ala ukapenyezwa humo. Mafundi wengine walishona mkanda wa ngozi laini iliyokunjwa, ukawa na uwazi ndani wa kufichia sarafu. Mchunga ng'ombe aliyesafiri na mshahara wa msimu mzima aliona faida yake mara moja.

Mafundi wa miji ya Magharibi waliishi kwa mbinu mbili: muhuri na katalogi. Cheyenne, mji wa Wyoming uliofikiwa na reli mwaka 1867, ulikuwa na karakana ya E.L. Gallatin, ambayo baadaye ilikwenda kwa F.A. Meanea, mtoto wa ndugu yake. Denver kulikuwa na Hermann Heiser, mhamiaji kutoka Ujerumani. Kila mmoja aligonga jina lake na la mji wake kwenye ngozi, na muhuri huo ulitembea kwenye viuno vya wateja kutoka shamba hadi shamba. Mteja wa mbali alichagua kwenye katalogi na kuagiza kwa barua, akitaja aina ya bastola, urefu wa mtutu na kipimo cha kiuno. Posta ya vifurushi ilipoanza mwaka 1913, njia hiyo ikawa nafuu zaidi.

S.D. Myres alianzia Sweetwater, Texas, akapata sifa kwa tandiko lililopambwa almasi na dhahabu alilolitengenezea ranchi iliyoitwa 101, kisha akahamia El Paso mwaka 1920. Huko jina lake liliungana na la Tom Threepersons, askari aliyetaka ala fupi, iliyoinama, inayoacha wazi kikingio cha kifyatulio. Ala hiyo iliingia katalogi ya Myres, na washindani wakaiiga bila kuchelewa. Ni miongoni mwa maumbo ya karne ya 20 yaliyoigwa sana.

Katika miaka ya 1950 mstari wa kale ulikatika. John Bianchi, polisi wa Monrovia, California, alianza kushona ala kwenye gereji ya nyumba yake, bila tandiko lolote kando. Wateja wake wa kwanza walikuwa polisi wenzake, na kampuni yake ikaja kuwa kubwa.

Karakana ndogo za leo zinafanana na gereji hiyo kuliko duka la Meanea. Gharama inayowabana mafundi wake si ya vyombo. Bastola zimekuwa za aina nyingi mno, na kila aina inahitaji kiolezo chake cha kuundia ngozi. Kwa vile hakuna fundi mdogo awezaye kumiliki silaha zote hizo, wengi hununua violezo vya plastiki ya bluu vyenye vipimo halisi, kimoja kimoja, kadiri maagizo yanavyokuja. Kwa modeli ambayo fundi hana kiolezo chake, mteja huambiwa asubiri au aende kwingine.