Boma la Mikindani

Mtu ashukaye kutoka Newala kwenda pwani aweza kufika Mikindani, mji wa kale kando ya ghuba. Hapo ndipo Daktari Livingstone alipoanzia safari yake ya mwisho ya bara, mwaka 1866.

Juu ya mji lasimama Boma jeupe la Wadachi, lililojengwa mwaka 1895. Lakini ujenzi wake si wa Kidachi mtupu. Mawe yake ni ya matumbawe, na chokaa yake hupatikana kwa kuyachoma matumbawe hayo hayo. Kazi hiyo mafundi wa pwani waliijua karne nyingi kabla Wadachi hawajaja.

Je, lilijengwa kwa nini? Mwezi wa Mei 1890 jeshi la Wissmann lilitwaa Kilwa, Lindi na Mikindani. Huku kwetu mlimani Machemba, mkuu wa Wayao, alikataa kutii. Alimwandikia Wissmann barua ya Kiswahili kumwambia hivyo, akashindana na Wadachi hata mwaka 1899, alipovuka Ruvuma. Basi Boma lilikuwa makao ya kuwatawala watu ambao hawakuwa wameridhika.

Ilipojengwa bandari ya Mtwara, Mikindani ilipoa, na nyumba nyingi za mawe zikabomoka, maana ukuta usio na paa huliwa na mvua. Boma lilitengenezwa upya, likawa nyumba ya wageni. Habari za Machemba hazina kuta. Waulizeni wazee, mziandike.