Sheria ya Marekebisho ya Sheria za Usalama (Kenya, 2014)

Sheria ya Kenya iliyopanua mamlaka ya vyombo vya dola katika kupambana na ugaidi. Rais Uhuru Kenyatta aliitia saini tarehe 19 Desemba 2014, kufuatia mashambulizi ya kundi la Al-Shabaab katika Kaunti ya Mandera. Muungano wa upinzani, CORD, uliipinga mahakamani. Tarehe 23 Februari 2015 Mahakama Kuu ilibatilisha vipengele vinane, vikiwemo vilivyobana vyombo vya habari na kilichoweka ukomo wa wakimbizi 150,000 nchini. Kipengele cha kunasa mawasiliano ya washukiwa wa ugaidi kilisalia. Mahakama ilipima vipengele hivyo kwa Kifungu cha 24 cha Katiba ya 2010, kinachoruhusu haki kuwekewa mipaka kwa sheria tu, tena kwa kiasi kinachokubalika katika jamii ya kidemokrasia.